Kikombe cha Bi Polyxeni

Ijumaa, 18 Oktoba

Efterpi kapiga simu kabla sijanywa kahawa. Dada yangu hana salamu. Nyumba hii ninayokaa ni yake, marehemu mama alimwachia yeye, na sasa ameipangisha kwa Wajerumani wanaopenda kupanda milima kwa fimbo. Wanaingia Siku ya Hapana, sikukuu ya kukumbuka tulivyowakatalia Waitaliano vitani, tarehe ishirini na nane. Mimi nihamie kwake Larissa, nilale chumba cha kupigia pasi, pamoja na kasuku.

Kasuku yule ananichukia. Ananiita kwa sauti ya marehemu shemeji.

Nikaenda mkahawani nikiwa nimenuna. Na leo, katika siku zote, Bi Polyxeni Vrettou akaingia na mkongojo wake akatangaza jambo. Bi Polyxeni ni mjane mwenye mtambo wa kupika tsipuro, pombe yetu kali, na kijiji chote cha Kapsorachi kinampelekea yeye machicha ya zabibu kila vuli. Yeye ndiye anayesema nani apike lini. Magoti yamekwisha, kasema. Anatafuta mtu wa kushika mtambo pamoja naye. Atamtaja Siku ya Hapana, watoto wakishamaliza gwaride. Mtu huyo atapewa na chumba cha juu ya mtambo, chenye joto majira yote ya baridi.

Chumba! Joto! Bila kasuku!

Nilipogeuka nikamwona Zissis ananyoosha masharubu. Zissis ana duka la vyuma, mikono minene kama magogo, na mkewe alishafariki. Huwa anamtengenezea Bi Polyxeni mabomba bure. Kujipendekeza tu.

Kisha Bi Polyxeni akauliza swali. Watalii wanaopanda kutoka Volos wanapiga picha sufuria lake la shaba, na kiongozi wao huwaambia huyu bibi ndiye Medea wa siku hizi. Je, hiyo ni sifa au tusi? Maana miaka yote anawachekea, isije ikawa wanamtukana mlangoni kwake. Watu wakatazamana. Padri Anthimos akasema wachawi wa kale si idara yake.

Nikasimama. Nikasema Jumapili ya tarehe ishirini na saba nitatoa mhadhara katika ukumbi wa shule: Wanawake Wachawi wa Wagiriki wa Kale na Maana Zao. Nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi, kusoma mbele za watu ndiyo kazi yangu. Zissis akachekea puani. Acheke.

Kwa kweli sijui lolote kuhusu wachawi hao. Lakini vitabu vya shule vya Efterpi vimo darini.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimesoma. Balaa tupu.

Medea alimchinja kondoo mzee, akamkatakata, akamchemsha na majani yake, akatoka mwanakondoo anarukaruka. Mabinti wa mfalme wakaona. Wakamkata baba yao naye, wamrudishie ujana. Safari hii Medea hakutia majani. Wakabaki na mchuzi. Na haya yote yalitokea Iolko, hapo chini tu, ninaponunulia dagaa!

Sasa nimweleze vipi mwanamke mwenye sufuria? Kitabu kinasema Medea ni mfano wa ujuzi ambao watu wanautumia wakiwa na shida, halafu wanauogopa shida ikiisha. Mumewe alichukua kila alichosaidiwa, kisha akatafuta mke mwingine. Siwezi kusoma hilo mbele ya Bi Polyxeni. Ataniuliza mimi nimekuja kuchukua nini.

Nikahamia kwa Kalipso. Huyo ndiye! Alimkuta Odiseo, shujaa aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka vitani, amezama baharini, akamweka kisiwani kwake miaka saba. Chakula, kitanda, zabibu mlangoni, hakuna kodi, hakuna dada. Kitabu kinasema yeye ni mfano wa kusahaulika, wa mtu kukaa pazuri mpaka akawa si mtu tena. Mimi sioni ubaya wowote. Odiseo eti alikuwa akikaa ufukweni analia. Nimeandika pembeni: mjinga.

Nikasoma na habari za Sirena, wale wanaoimba kwenye miamba. Wanamwimbia kila mtu kile anachotaka kusikia kuhusu yeye mwenyewe, na jahazi linapasuka. Nilikuwa hapo hasa Efterpi alipopiga tena. Sikupokea. Nilishika mikono ya kiti kwa nguvu, kama Odiseo alivyofungwa kwenye mlingoti asiwafuate.

Alasiri nikaenda kwa Bi Polyxeni na karatasi yangu safi ya kumthibitishia kwamba yeye ni Kalipso. Zissis alikuwa ameshanitangulia. Na kwapani ana mtoto wa nguruwe! Alikuwa anamwambia Bi Polyxeni kwamba Medea si saizi yake, yeye ni Kirke, mwanamke aliyejua kulisha watu, na Kirke asiye na nguruwe hajakamilika. Bi Polyxeni akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikaanza kusoma karatasi. Nguruwe akaila. Ilikuwa ukurasa wote wa Kalipso, na nilikuwa sijanakili.

Jumanne, 22 Oktoba

Jana sikuandika, nilikuwa na hasira.

Leo nimemsoma Kirke vizuri, maana adui lazima umjue. Aliwakaribisha mabaharia, akawapa jibini, asali na divai yenye dawa, akawagusa na fimbo, wakawa nguruwe. Odiseo peke yake alipona. Alipewa na mungu mmoja mpita njia mmea uitwao moli: mzizi mweusi, ua jeupe kama maziwa. Maana yake, kwa mujibu wa kitabu, ni akili inayomlinda mtu asipotezwe na tamaa.

Nikapata wazo. Zissis kaleta nguruwe, mnyama mchafu. Mimi nitaleta moli, mmea wa miungu!

Nimezunguka msitu wa miti izaayo njugu kubwa za kahawia asubuhi nzima. Nimechanika suruali. Kwenye bonde la juu nikakuta maua madogo meupe, mazuri kweli. Nikachimba. Mzizi mweupe. Nikachimba mwingine. Mweupe pia. Mlima mzima hauna hata mmoja uliosoma kitabu.

Nikarudi nyumbani nikaupaka mzizi rangi ya viatu. Kazi safi. Nikauacha ukauke kidogo, nikaufunga utepe, nikatia na punje ya kitunguu saumu mfukoni mwangu kwa ajili ya kinga, maana mwanamke mwenye mtambo ni mwanamke mwenye mtambo.

Bi Polyxeni alipokea kwa heshima. Akauliza mmea huu unafanya nini. Nikamweleza kwa sauti ya mahakamani: huu, bibi, ndio uliomkinga Odiseo na uchawi wa Kirke.

Akaugeuzageuza mzizi mkononi.

“Na Kirke ni nani, si ndiye mimi? Zissis alisema juzi.”

Nikasema kwa namna fulani ndiyo.

“Kwa hiyo umetembea mlima mzima kuniletea dawa ya kujikinga na mimi.”

Sikuwa nimeliangalia upande huo. Nikaanza kufafanua. Wakati nafafanua, akajipangusa jasho usoni, na nikaona mstari mweusi kutoka kwenye pua yake mpaka sikioni. Rangi ilikuwa haijakauka. Akatazama vidole, akavinusa, akasema kwamba moli wa miungu unanuka duka la mshona viatu. Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi. Alinawa tu, akaniambia machicha yangu yatapikwa Alhamisi, nisichelewe.

Nje nikakutana na nguruwe. Amekwishazoea, analala karibu na mtambo kama mwenye nyumba.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo ilikuwa zamu yangu mtamboni.

Nilifika mapema. Machicha ya Zissis yalikuwa yameshapikwa jana, na mtungi wake wa kioo ulikuwa pembeni, umefungwa utepe mwekundu. Yangu yakatiwa kwenye sufuria, kifuniko kikazibwa kwa kinyunga cha unga na maji, moto ukawashwa. Bi Polyxeni akanielekeza kama mwanafunzi. Kinachotoka mwanzo kinaitwa kichwa. Kinanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kichwa hakinywewi, kinakingwa kwenye kopo kikamwagwe, au wazee wanaomba kidogo wajipake magotini. Baada ya hapo unakuja moyo, huo ndio tsipuro. Mwisho kabisa mkia, unarudishwa sufuriani. Anayejua kutenganisha hivi vitatu ndiye anayejua kazi, mengine yote ni kuni.

Kisha akasema anakwenda kanisani kufagia, nilinde moto. Mimi, peke yangu na mtambo! Nikajua huu ni mtihani. Nikakaa wima.

Kopo likajaa kichwa. Na mtungi wa Zissis uko hapo, kizibo kimelegea. Nikawaza: Jumatatu Bi Polyxeni lazima ataonja kazi ya kila mtu kabla ya kumtaja mtu. Tsipuro ya Zissis ikinuka rangi ya kucha, nani atamkabidhi mtambo mtu asiyejua kutenganisha kichwa na moyo? Haikuwa sumu. Ilikuwa harufu tu, hoja ndogo ya kisheria dhidi ya mshindani.

Nikamimina kopo lote.

Bi Polyxeni akarudi. Akapita karibu na mtungi ule, akasimama, akavuta mtandio wake puani kama mwenye mafua. Nikajifanya nachochea moto. Akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba mtungi wa Zissis ndio watakaogawiwa watu Jumamosi nje ya kanisa, siku ya Mtakatifu Dimitrios. Kila mtu kikombe, na padri ndiye wa kwanza.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye soksi. Nikauliza, kwa kupitisha muda tu, mtu akinywa kichwa kwa bahati mbaya inakuwaje.

“Kidogo, kinauma kichwa siku mbili,” akasema huku akikaza kizibo. “Kingi, macho.”

Macho! Padri Anthimos ana jicho moja tu linaloona vizuri!

Nimerudi nyumbani sijali hata tsipuro yangu ilitoka vipi. Sijala. Nikisema, ninakwenda kulala na kasuku. Nisiposema, padri atasoma Injili kwa kupapasa. Lazima kuna njia ya tatu. Kwa mtu kama mimi huwa ipo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Njia ya tatu haipo. Nimeitafuta kutwa.

Asubuhi nilikwenda mtamboni nikajitolea kuubeba mtungi mpaka kanisani. Bi Polyxeni akasema Zissis ameshakuja na mkokoteni. Nikamkimbilia Zissis njiani, nikamwambia mgongo wake nauhurumia, anipe nisukume. Alinitazama kama mtu anayeombwa koti na mwizi. Akasema tangu lini mimi nimehurumia mgongo wa mtu. Akasukuma mwenyewe, anapiga mluzi.

Nikaenda kwa padri. Nikamwuliza kama si vibaya kugawa pombe kali mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Padri Anthimos akanipigapiga bega, akasema mtakatifu ni wetu na hajawahi kulalamika. Akasema anasubiri kikombe hicho tangu Pasaka. Alikuwa anatabasamu, jicho lake moja linang'aa. Nikashindwa kumtazama.

Mchana nikamchukua nguruwe. Nia yangu ilikuwa njema: nimwachie kwenye stoo ya kanisa, auangushe mtungi, iwe ni ajali ya mnyama. Nikampitisha uchochoroni chini ya koti. Nikamsukuma ndani, nikafunga mlango, nikasubiri kusikia kioo. Kimya. Nikasubiri tena. Nilipochungulia, nguruwe alikuwa amelala ubavu, ameegemea mtungi, anakoroma. Nikajaribu kuusukuma mtungi mwenyewe kwa mguu kupitia dirishani. Mguu ukakwama. Akatokea mke wa mwimbaji wa kanisa, akauliza ninafanya nini. Nikasema ninamtafuta nguruwe. Akasema si huyo hapo. Nikamshukuru.

Efterpi amepiga mara kadhaa. Anauliza kama nitakuja na mablanketi yangu.

Naogopa. Naandika hivi hivi, maana hakuna anayesoma humu. Sijawahi kuogopa namna hii tangu jaji aliponiuliza jalada liko wapi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nitaandika kama ilivyotokea.

Ibada ikaisha. Watu wote wakatoka nje, jua la vuli, watoto wenye jina la Dimitrios wanapongezwa, mikate iliyobarikiwa inakatwa. Bi Polyxeni amekaa kwenye kiti chake, mtungi wenye utepe mwekundu mbele yake, anajaza vikombe vidogo. Zissis anagawa. Kila mmoja anashika chake anasubiri neno la padri. Harufu sikuisikia, pua yangu ilikuwa imejaa harufu ya kitunguu saumu changu cha kinga.

Changu aliniletea Bi Polyxeni mwenyewe. Alinyanyuka na mkongojo, akapita katikati ya watu wote, akakiweka mkononi mwangu. Hakuondoka. Akabaki amesimama mbele yangu ananitazama.

Padri Anthimos akainua kikombe. Akaanza: miaka mingi kwa wote. Nikaona kikombe kinakwenda mdomoni.

“Msinywe!”

Ilikuwa sauti yangu. Hata mimi nilishtuka.

Vikombe vikasimama njiani. Macho yote kwangu. Nikajaribu kuokoa hali, nikaanza mhadhara pale pale, jasho linanitiririka. Nikasema mabibi na mabwana, kabla hatujanywa, ni vema tutafakari kikombe cha Kirke na maana yake. Nikasema kikombe ni mfano. Nikasema mabaharia wale walikunywa haraka mno bila kuuliza. Nikasema tusiwe na haraka. Nilisema sana. Mtu nyuma akauliza kama nina homa.

Zissis akasogea, kikombe mkononi. Akaniuliza taratibu, tsipuro yake ina nini. Nikaendelea na mabaharia. Akanitazama machoni, akainua, akameza yote.

“Tema!” nikapiga kelele. “Tema, Zissis! Nilitia kichwa! Kopo zima, juzi, nililimimina mimi!”

Zissis akafuta masharubu. Akalamba mdomo. Akasema mbona ni safi.

Ndipo Bi Polyxeni akanigeukia, akazungumza bila kupandisha sauti.

“Ule niliumwaga Alhamisi hiyo hiyo. Huu ni mtungi wake wa pili, nimehamisha utepe tu. Magoti ndiyo yamekwisha, bwana Thrasyvoulos. Pua ingalipo.”

Padri akamwuliza kwa nini basi alinyamaza siku zote hizi. Bibi akasema mtu akishikwa na kopo atasema kopo limeteleza. Alitaka kumwona akiwa na kikombe mkononi. Akasema na yeye amemsoma huyo Kirke wetu, mjukuu wake alimsomea kwa simu, na anavyoona yeye mwanamke yule hakumgeuza mtu yeyote kuwa kitu. Aliwaandalia meza, akakaa, akasubiri. Walioinama kwenye sahani waliinama wenyewe.

Watu wakacheka. Zissis alicheka kidogo, kisha akaacha. Akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, si ya ugomvi, “Ungenipofusha, bwana? Kwa ajili ya chumba?”

Nikaanza kuhesabu vifungo vya koti lake.

Wakanywa wote isipokuwa mimi. Kikombe changu alikichukua mke wa mwimbaji. Nilipokuwa naondoka nilimsikia Bi Polyxeni akimwambia padri jambo moja: “Lakini amepiga kelele. Angeweza kukaa kimya.”

Nimelifikiria neno hilo jioni nzima. Kuna namna ya kulisikia ambayo ni nzuri kabisa kwangu.

Jumapili, 27 Oktoba

Nilidhani hakuna atakayekuja kwenye mhadhara. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walikuja kama watu wanaokwenda kutazama nyumba iliyoungua.

Karatasi zangu nusu ziliishia tumboni mwa nguruwe. Nikasimama bila kitu. Bi Polyxeni akiwa safu ya mbele akarudia swali lake: ni sifa au tusi?

Nikafungua mdomo, na yakatoka maneno ambayo sikuyapanga. Nikasema inategemea ni nani anayesema, na alikuja kutafuta nini. Nikasema Medea alijua majani, Kirke alijua majani na njia za baharini, Kalipso alijua kumtunza mtu aliyezama. Hakuna mwanaume aliyeingia kwao bila shida yake. Waliingia wakitaka kitu, walipewa, na walipofika nyumbani wakasema tulirogwa. Nikasema labda mchawi ni jina unalompa mwanamke baada ya kula kwake.

Zissis alikuwa ameinamisha kichwa. Bi Polyxeni alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, na nikaona machoni mwake kitu kama heshima. Naapa nilikiona.

Hapo ningekaa chini.

Lakini nilikuwa na upepo, nikaendelea. Nikasema kwa mantiki hiyo hiyo, tukirejea tukio la Alhamisi, ni wazi kwamba na mimi nilikuwa chini ya nguvu ya mtambo, mwanamke mwenyewe hayupo, moshi umenizidi, kwa hiyo kisheria si mimi niliyemimina lile kopo. Nilirogwa.

Wale wa madirishani walivunjika mbavu. Bi Polyxeni akafumba macho, akatikisa kichwa, akaomba mkongojo wake.

Nafikiri hoja ilikuwa ndefu kidogo. Vinginevyo ilisimama.

Jumatatu, 28 Oktoba

Siku ya Hapana. Taifa zima linashangilia kukataa, na mimi nimesimama uwanjani na sanduku langu, nasubiri kukataliwa.

Wajerumani walifika asubuhi na fimbo zao. Watu wapole. Walinipa mkono, wakaniuliza kama mimi ndiye mtunza bustani. Basi la Larissa linaondoka baada ya gwaride. Efterpi ametuma ujumbe kwamba kasuku amehamishiwa upande wa dirisha ili mimi nipate nafasi ya mablanketi.

Watoto wakapita na bendera. Shairi likasomwa. Kisha Bi Polyxeni akasimama akamtaja Zissis. Makofi. Zissis akawa mwekundu kama utepe wake. Nikainama kushika sanduku. Sikutaka watu wanione.

Mkongojo ukagonga sanduku langu.

Bi Polyxeni akasema Zissis ana nyumba yake, chumba cha juu hakihitaji, kwa hiyo mjukuu wake atakuja kusomea humo. Nikasema hongera. Akasema lakini kuna stoo ya chini, nyuma ya mtambo, anapolala nguruwe. Nguruwe anahitaji mtu mpaka Krismasi, na kuni zinahitaji kupasuliwa. Akasema mtambo hatanigusisha hata kwa kidole. Kopo nisilione.

“Kwa nini mimi?” nikauliza, na sauti ilinitoka vibaya.

“Kwa sababu ulipiga kelele,” akasema. “Nguruwe hawapigi kelele kikombe kikiwa cha mwenzao. Nataka nione utaishia wapi.”

Basi likaondoka bila mimi.

Jioni sasa. Nimekaa stoo, kuna joto, kuna taa, hakuna kasuku. Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na nimefikia hitimisho: nimeshinda. Zissis kapewa kazi, mimi nimepewa makazi. Chakula, kitanda, hakuna kodi. Kalipso! Nilisema tangu mwanzo kwamba yeye ni Kalipso, na hakuna aliyenisikiliza. Mwanamke hamzuii mtu nyumbani kwake bila sababu. Ameanza kurogeka, taratibu, kwa heshima zake. Nitampa muda.

Chakula cha jioni ameleta mwenyewe, beseni la njugu za msituni. Akamimina nusu kwangu, nusu kwa nguruwe. Nimezichunguza kwa makini. Zangu zilikuwa zimechemshwa. Zake pia, lakini nina hakika zangu zilichemshwa kwanza.

Jambo moja tu linanikera. Nguruwe amepewa upande wa ukuta wenye mtambo, kwenye joto. Mimi niko upande wa mlango, na upepo unapita chini. Hilo haliwezi kuwa bahati mbaya. Tangu siku ya kwanza mnyama huyu anapendelewa, na alikula kazi yangu mbele ya mashahidi. Sasa hivi ananitazama.

Kesho nitamdokeza Zissis kwamba nguruwe huyu anakohoa.